Kumtaja Mwafute

Kiboksi kilianza kuongea kabla Kemilembe hajaweka mkoba wake chini.

"Habari za asubuhi, mama Byera. Shamba lako limeonekana kuwa na migomba yenye majani ya njano. Kwa mujibu wa makala inayoongoza katika sayansi ya mimea, mashina yote ya shamba yang'olewe. Trekta itafika Jumamosi asubuhi. Ukikataa, maji yatafungwa. Asante kwa ushirikiano wako."

Shangazi Byera alikuwa ameinama akitandaza nyasi kavu chini ya migomba. Hakuinua kichwa.

"Kila siku kinaniamkia hivyo hivyo," alisema. "Chumvi yote hii niliyokula, hakijawahi kunipa hata shikamoo moja."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Angalau wewe unayo."

Zamani, bwana shamba alikuwa mtu. Alikuja na pikipiki na mabuti yenye tope, akakaribishwa chai, akasema yake, akabishiwa, akabisha, na mara nyingine akaondoka amekubali kwamba mwenye shamba anajua shamba lake. Siku hizi Bwana Shamba ni kiboksi cha bati juu ya nguzo, kina jicho moja la kioo, na bomba la maji la kila kaya katika mkoa mzima linakitii. Hakinywi chai wala hakibishiwi.

Kemilembe alichukua kijembe, akafukua taratibu pembeni mwa mgomba wenye jani la njano hadi akaupata mzizi, akaukata kipande na kukipasua kwa ukucha. Ndani kulikuwa kweupe kama muhogo uliomenywa. Mgomba ule haukuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa na kiu, kwa sababu vuli ilikuwa imekuja kidogo na masika yakachelewa, na mvua ikinyesha ungerudi kijani. Yeye ni daktari wa magonjwa ya migomba. Jambo hilo alilithibitisha, akaliandikia makala, na makala ile ilimla ujana wake.

Ng'ambo ya ua, kibanja cha jirani yao mzee Rwegoshora kilikuwa udongo mtupu mwekundu, umelainishwa kama uwanja wa shule. Trekta ilipita huko wiki mbili zilizopita. Mzee alihamia kwa binti yake mjini, kwa sababu, alisema, hawezi kuamka asubuhi akafungua mlango na kuona anga kubwa kiasi hicho.

"Hawa," Shangazi alisema, akigusa shina lililokuwa karibu naye, mgomba mkubwa wenye mkungu, wa pili ukiwa kiunoni mwake, na chipukizi chini yao. "Mama, binti, mjukuu. Baba yangu alipanda bibi yao. Naye amelala pale." Hakunyoosha kidole. Kemilembe alipajua pale, kati ya migomba minne ya aina ya nshakala, pasipo na kaburi la saruji kwa sababu mzee alisema saruji itaibana migomba. "Wewe si ndiye dokta wa migomba?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na huyo anayetaka kuning'olea, ni dokta wa nini?"

"Wa migomba pia. Ndiye aliyenifundisha."

"Basi nenda ukamwambie amekosea."

"Nimemwambia. Nimeandika, wenzangu wameandika, tumeandika wote."

Shangazi alinyoosha mgongo, akamtazama kwa namna mtu anavyomtazama fundi aliyelipwa na paa bado linavuja. "Na yeye anasemaje?"

Profesa Obadia Mwafute hakuwahi kumjibu mtu.

*

Katika Taasisi ya Mimea ya Rwanshenye, kila Ijumaa saa ya chai, watu wazima wenye shahada zao walikuwa wakikaa kantini wakijifanya hawatazami ukutani. Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa, na juu ya kioo kulikuwa na majina ya vinara wa sayansi ya mimea wa nchi zote za Maziwa Makuu, kutoka wa kwanza hadi yule ambaye wiki ijayo hatakuwemo. Aliyepanda alijipa kazi ya kukoroga sukari ili asionekane anatabasamu. Aliyeshuka alikumbuka ghafla kwamba ameacha mlango wa maabara wazi.

Mashine iliyopanga majina hayo iliitwa Mizani, na ilikuwa mali ya Baraza, chombo kinachosimamia utafiti na kilimo. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Mtafiti anapoandika makala, hutaja makala za wenzake alizozitumia. Mizani ilisoma kila makala iliyotoka, ikahesabu nani katajwa, na aliyetajwa zaidi akapanda. Basi. Mwanzoni ilikuwa mchezo wa wasomi kuoneana wivu. Kisha Baraza likaona ni upotevu kuwa na orodha nzuri hivyo na kuitumia kwa majivuno tu, likaifungia moja kwa moja kwenye vile viboksi vya mashambani. Makala iliyo juu ndiyo inayoamuru. Bwana Shamba, kabla ya kufungua bomba au kuita trekta, huiuliza Mizani nani anaongoza, kisha hufanya alivyosema huyo.

Aliyeongoza alikuwa Mwafute, mwaka wa tatu sasa, kwa makala yake moja iliyosema kwamba jani moja la njano linatosha kulaani shamba zima.

Ijumaa ile kulikuwa na shauku isiyofichika. Wiki iliyotangulia, watafiti kutoka Mukono, Kisii, Butare na hapo Rwanshenye walikuwa wametoa tamko la pamoja, makala nzito yenye saini za watu wanaoheshimika, ikimpinga Mwafute aya kwa aya. Kwa nguvu zaidi, kila mmoja aliandika pia kamakala kake ka kuunga mkono tamko. Walikuwa wamekasirika, na msomi akikasirika huandika.

Kioo kilipepesa, majina yakajipanga. Mwafute alikuwa pale pale juu, ila sasa pengo kati yake na wa pili lilikuwa limeongezeka maradufu.

"Tumempiga, naye amenenepa," alisema Dokta Tindyebwa, mtaalamu wa kuvu, mtu mnene mpole ambaye ofisi yake ilipakana na ya Kemilembe. Chapati yake ilibaki hewani.

Kemilembe alivuta kishikwambi chake, akafungua orodha ya waliomtaja Mwafute. Hakuwahi kuisoma yote. Nani huisoma? Watu hutazama jumla, kama wanavyotazama uzito kwenye mzani wa sokoni bila kuuliza kuna mawe mangapi ndani ya gunia. Sasa akaanza kusoma. "Kinyume na Mwafute." "Tumeshindwa kupata alichokipata Mwafute." "Dosari katika vipimo vya Mwafute." "Hatari ya kumfuata Mwafute." Alishuka ukurasa baada ya ukurasa, na isipokuwa wanafunzi wake wachache waliomvisha kilemba cha ukoka, hakukuwa na mtu aliyemtaja kwa wema. Na Mizani ilikuwa imewahesabu wote, kwa sababu mashine hiyo haikuuliza umetajwa kwa sifa au kwa laana. Ilijua kutajwa tu.

Hasira ilimpanda Kemilembe hadi masikio yakawaka. Haikuwa ya Mwafute peke yake. Alikuwa ameiona makala yake mwenyewe katika ile orodha, karibu kabisa na juu, ile iliyomla ujana. Jina la Mwafute lilikuwa ndani yake kila baada ya aya mbili. Hakuna mtu aliyekuwa amempandisha Mwafute kuliko yeye.

Alitoka nje ya kantini, akapiga simu Baraza. Akapokelewa na sauti ya kijana mwenye adabu nyingi.

"Kama una pingamizi, Dokta, tunakukaribisha uandike makala."

"Nikiandika, lazima nimtaje ninayempinga."

"Bila shaka. Ndiyo adabu ya kazi, makala isiyomtaja haipokelewi."

"Na nikimtaja anapanda."

"Hilo sasa ni la Mizani, Dokta. Mizani haina upendeleo kwa mtu."

"Mdogo wangu, kesho asubuhi watang'oa migomba mizima isiyo na ugonjwa."

"Pole sana, Dokta. Je, umewahi kuliandikia hilo?"

Kemilembe alikata simu. Alisimama pale uani akiwa ameshika tama, na watu waliopita walidhani ameshuka katika orodha.

*

"Kuna njia moja," aliwaambia wenzake alasiri hiyo, wachache wakiwa naye chumbani na wengine wakionekana kwenye kioo cha ukutani kutoka Mukono, Kisii na Butare. "Mwandishi ana haki ya kuondoa makala yake. Ikiondolewa, inafutika, na wote iliyowataja wanapunguziwa. Tuziondoe zote zinazompinga. Leo."

Tindyebwa akakohoa.

"Nikuelewe vizuri, Dokta Kemi. Makala zenye makosa zibaki, makala zenye ukweli tuzifute."

"Ndiyo."

"Kwa mkono wetu wenyewe."

"Ndiyo."

"Miaka ishirini ijayo, mtu akifungua kumbukumbu, atakuta nini? Atakuta Mwafute alisema, na sisi sote tulikuwepo, tuna maabara na mishahara, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Wajukuu zangu watasoma kwamba nilinyamaza."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingesema kwa sauti ya kawaida hivyo." Tindyebwa hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha. "Kazi yetu ni moja tu duniani. Tunaona kitu, tunakiandika. Tukianza kufuta tulichokiona kwa sababu leo kinatuletea taabu, sisi na yule jamaa tuna tofauti gani?"

Kemilembe alitamani sana Tindyebwa awe amekosea, na hakuwa amekosea. Ndilo lililomuuma. Kama angekuwa anabishana na mjinga, angemaliza ubishi kwa dakika moja. Alikuwa anabishana na mtu aliyesema yale yale ambayo yeye mwenyewe angesema, kama shangazi yake asingekuwa na trekta mlangoni.

"Dokta," alisema, "tuliandika ili migomba ipone. Sasa maandishi yetu ndiyo yanayoing'oa. Nikiyaacha ili wajukuu wako wanisifu, nitakuwa nimeyaandikia sifa."

"Na ukweli?"

"Ukweli uko ardhini, pale Kamachumu kwa shangazi yangu, una mizizi myeupe. Ukibaki hapo kesho jioni, nitakuwa nimeuhifadhi. Ukibaki kwenye kumbukumbu peke yake, nitakuwa nimehifadhi karatasi."

Alifungua kishikwambi mbele yao. Mizani ilimuuliza kwa upole kama ana uhakika, na ikamkumbusha kwamba makala iliyoondolewa hairudi kwa jina lile lile, na kwamba nafasi yake katika orodha itarekebishwa. Alisoma kichwa cha makala mara ya mwisho. Akaikumbuka misimu aliyolala kwenye hema lenye siafu akihesabu mizizi, na harusi ya mdogo wake aliyoiona kwa picha. Akapiga moyo konde, akabonyeza.

Kantini, wanasimulia, jina lake lilianza kushuka mbele ya wapishi waliokuwa wakiosha vyombo. Lilishuka taratibu, likafika chini ya kioo, likatoka.

Yule wa Kisii aliondoa yake bila kusema neno. Wa Butare aliomba muda wa kulia kidogo, akaondoa. Walioko Mukono walibishana wenyewe kwa wenyewe, wakaondoa moja moja. Tindyebwa alisimama, akachukua koti lake, akasema yeye hafuti kitu, akaenda nyumbani.

*

Jumamosi, trekta ilikuja kama ilivyoahidi. Haikuwa na dereva wala kiti cha dereva. Ilisimama mwanzo wa kibanja, ikateremsha makucha yake mbele ya shina la kwanza, na Kemilembe akasimama kati yake na shina, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote, kwani mashine ile ilikuwa imefundishwa kusubiri mtu achoke.

Shangazi Byera alitoka na kiti chake kidogo, akaketi karibu na mahali alipolala baba yake. Alikuwa amevaa kitenge cha kwendea kanisani.

"Bado anaongoza?" aliuliza.

"Bado, Shangazi. Kwa kidogo sana." Kemilembe aliangalia simu tena. Waliobaki bila kuondoa makala zao walikuwa wachache, na mkubwa wao alikuwa Tindyebwa, ambaye kwa miaka mitatu alimpinga Mwafute kwa uaminifu kila mwezi.

Kiboksi kilitangaza kwamba maji yatafungwa. Bomba likatoa mlio na kunyamaza. Shangazi alilitazama, kisha akaanza kuimba chini chini wimbo wa kutwanga, kama mtu asiye na wageni.

Simu ikalia.

"Nimeziondoa," ilisema sauti ya Tindyebwa. "Zote. Usinishukuru. Nimekukasirikia, na nitaendelea kukukasirikia nikizikwa."

"Dokta."

"Nilikwenda kumwangalia mama. Hata kwake wameweka kiboksi." Akakata.

Makucha yalikuwa yameanza kuinuka. Yakasita hewani. Kile kiboksi kikaiuliza Mizani upya, kisha kikasema kwa sauti ile ile isiyo na aibu:

"Habari za asubuhi, mama Byera. Kwa mujibu wa makala inayoongoza katika sayansi ya mimea, acha mama, binti na mjukuu katika kila shina. Tandaza nyasi. Asante kwa ushirikiano wako."

Maji yakarudi. Trekta ikageuka, ikaenda zake. Makala iliyokuwa imepanda ilikuwa ya zamani, kuhusu matandazo, ya bibi mmoja aliyefariki kabla Kemilembe hajazaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kuikasirikia.

*

Taasisi haikumfukuza. Ilimwandikia tu kwamba mtafiti asiyekuwemo katika orodha hawezi kuwa na ufunguo wa maabara, na ikamtakia kila la heri. Kemilembe alihamia kwa shangazi yake, akawa anaamka mapema kupunguza machipukizi.

Huko ndiko Mwafute alikomkuta. Alikuja kwa gari la kukodi, amevaa viatu vya mjini, na alikuwa amekonda shingoni. Zamani alipoingia darasani wanafunzi walisimama. Sasa Kemilembe alijikuta ameinua magoti kidogo kutoka kwenye kigoda kwa mazoea, akayakasirikia magoti yake.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti. Nusura nipotee njia." Alijaribu kucheka. Shangazi Byera, ambaye mgeni ni mgeni kwake, alileta kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo, akamwekea mkononi, akarudi jikoni.

"Sitazunguka," Mwafute alisema. "Irudishe ile makala. Iite jina jingine, lakini irudishe. Ilikuwa kazi nzuri sana. Ule ulinganisho wako wa mizizi, hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kufanya kitu kizuri kuliko hicho."

Miaka mitatu Kemilembe aliyasubiri maneno hayo. "Uliisoma?"

"Niliisoma, na nikarudia mimi mwenyewe vipimo vyako, shambani kwangu. Ulikuwa sahihi."

"Lini?"

"Mwaka ule ule ilipotoka."

Kemilembe aliiweka chini kahawa aliyokuwa ameishika. Aliona kibanja cha Rwegoshora, na anga lile kubwa. "Ulijua. Wakati wanang'oa, ulikuwa unajua."

"Ningefanya nini?" Mwafute alisema, na kibaya zaidi ni kwamba aliuliza kwa dhati. "Kila mliponipinga nilipanda. Niuzime moto unaonipikia? Wewe ungeuzima?"

"Mimi niliuzima, Profesa. Uko katika nyumba ya mtu asiye na maabara."

Mwafute alitafuna kahawa. Kisha akainama mbele. "Sikiliza. Andika tena. Niseme vibaya upendavyo, nitukane, nitakupa hata vipimo vyangu vya siri vinavyokuunga mkono. Niweke hapo katikati ya orodha tu, sihitaji kuongoza. Au unataka iwe hivi? Makala yangu iko pale mpaka leo, peke yake, haina pingamizi hata moja. Atakayesoma kesho atasema mlikubaliana nami wote. Utavumilia hilo?"

Hakuweza kulivumilia. Sentensi zilikuwa zimeshajipanga kichwani mwake, kali, safi, kila moja na ushahidi wake, na kila moja ilianza na jina la Mwafute. Angeweza kuziandika kabla jua halijafika juu ya ua. Alijua uzito wa kila moja, na alijua ni shina gani lingelipia.

"Andika wewe kwamba ulikosea," alisema.

"Nikiandika hivyo nitakuwa nani?"

"Utakuwa nani, hilo sijui. Kwaheri, Profesa."

Alimsindikiza mpaka kwenye gari, kwa sababu mgeni husindikizwa. Kisha akarudi nyumbani. Shangazi Byera alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kile kikapu cha kahawa.

"Mgeni wako mbona hakukaa? Ni nani yule?"

Kemilembe alifungua mdomo. Lilikuwa pale, jina zima, na hasira yote nyuma yake ikilisukuma litoke. Akaufunga.

"Alikuwa anapita tu, Shangazi," alisema, akachukua panga, akaingia migombani.